Mstari wa Saba wa Makabidhiano

…na Jordan akisoma husoma kweli, hana habari na mtu, kidole chini ya mstari, midomo inachezacheza, karatasi yenyewe kurasa mbili tu lakini atakaa nazo dakika kumi, mwache, mwache asome hata mpaka jioni, maana akimaliza atasaini, akisaini atampa Anitha, Anitha akisaini itanifikia mimi, na mimi nimeshatoa kalamu kwenye pochi, nimeitoa ya nini, nani kaniambia… "Someni vizuri," anasema Bartolomayo, kiongozi wetu wa mradi, "mkiona kosa la uchapaji semeni sasa hivi, barua inakwenda wilayani leo," kosa la uchapaji, yaani katika barua yote ile kinachoweza kukosewa ni uchapaji tu, na mimi sina haja ya kuisoma, nilionyeshwa asubuhi kwenye kompyuta yake, najua aya ya pili inasemaje, inasema timu ya wataalamu imechunguza na kujiridhisha kwamba taarifa za wanafunzi zilifutika kutokana na uzembe wa mtumiaji, mtumiaji, mtu ana jina lake, anaitwa Mwalimu Matonya, amekuwa mwalimu mkuu miaka kumi na minne kwenye shule moja ya milimani juu ya Kibakwe, mwezi uliopita tu ndiyo wamemhamishia shule nyingine, hata kiti cha ofisi mpya hajakizoea, na wilayani wakiipata barua hii hawataandika mtumiaji, wataandika jina lake, watamvua ukuu wa shule, na chini ya karatasi kutakuwa na saini nne, ya nne yangu, Mwajabu Shabani, mpangaji wa mfumo… asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, na Mwalimu Matonya hayupo hapa mezani, yuko huko Mpwapwa anasahihisha madaftari.

Mimi sikufuta kitu, hilo liwekwe wazi kwanza, sijawahi kuigusa kompyuta ya ile shule, kazi yangu mimi ni kupanga na kuita majina, basi, nilipoajiriwa setingi za zile kompyuta zilikuwa zimetapakaa kama vyombo siku ya pili ya harusi, vitu sitini na tatu, hiki hapa, kile kule, na majina ya ajabu ajabu, Paneli ya Udhibiti, nani anataka kuingia kwenye kitu kinaitwa udhibiti, utadhani umeitwa kituoni, Kiratibu cha Usanidi wa Kiolesura, mwalimu wa Chemba ana vumbi mpaka kwenye kope, ana watoto themanini darasani, wewe unamletea kiratibu cha usanidi, halafu akishindwa unasema walimu wetu hawajui kompyuta, wanajua, wangeshindwaje kujua, ila mtu haamki asubuhi akasema leo nakwenda kusanidi, anaamka anasema leo nataka kuchapa mtihani na printa imegoma, kwa hiyo nikabandika vikaratasi ukutani, kila kimoja kazi moja, wiki mbili nzima, upepo wa Agosti ukivipeperusha navifuata chini ya meza, na Bartolomayo akipita mlangoni anatikisa kichwa, "Mwajabu, si tufuate tu mpangilio wa Kiingereza, dunia nzima imeshazoea," nikamwambia bosi, dunia nzima haijafika Kibakwe, akacheka, akaniachia, na sikuomba msaada wa mtu, nikapanga, Sura na Sauti, Mtandao, Printa na Vifaa, Hifadhi, Watu na Funguo, na mwisho kabisa lile kundi lililonipa jina ofisini, Makabidhiano, hilo hakuna mfumo wowote niliowahi kuuona unalo, hilo ni la kwangu… kwa sababu kwetu mtu akihamishwa kituo haondoki hivi hivi, anakabidhi ofisi, anahesabu madawati, anahesabu funguo, anatoa mhuri, anasoma mstari mmoja mmoja mbele ya mashahidi na kila mstari unawekwa alama ya vema, nilimwona marehemu baba yangu akikabidhi ghala la kijiji kule Kondoa, alivaa suti siku hiyo, suti ya harusi, kukabidhi ghala la mahindi, nikasema kompyuta nayo ni mali ya ofisi, kwa nini isikabidhiwe, nikaandika mistari saba, neno la siri, jina la ofisi, saa na tarehe, printa, mtandao, ruhusa za mtumiaji mpya, na wa saba, Ondoa mtumiaji anayehama… na ule wa saba ukibonyezwa mtumiaji anaondoka na kila kilichokuwa chini ya jina lake, na kwenye kompyuta za shule kila kitu kiko chini ya jina la mwalimu mkuu, nilijua, nilijua vizuri sana.

Anitha haniangalii. Anaangalia glasi yake ya maji, anaizungusha, pete yake inagonga glasi, tik, tik, acha basi, binti huyu ana miaka ishirini na sita na hajawahi kuniita kwa jina langu, ni dada, dada, dada, na siku ile ya kujaribu mfumo alikaa hapo hapo alipo sasa, akasogeza kiti, akasema kwa ile sauti yake ya kanisani, "Dada, huu mstari wa mwisho nauogopa," nikamwuliza unaogopa nini, akasema, "Mtu akiufuata kabla hajanakili faili zake je? Hatua ya kunakili iko kwenye Hifadhi, huku haipo. Tuiweke na huku pia," nikacheka, nilicheka mbele za watu, nikamwambia wewe Anitha kwenu chumvi mnaiweka jikoni na chumbani, kitu kimoja mahali pamoja, ndiyo kanuni, ukianza kurudia rudia vitu umerudi kulekule kwenye fujo, na wote wakacheka, hata Jordan ambaye huwa hacheki, na Anitha akacheka pia, akasema, "Sawa dada," na kanuni yangu ilikuwa nzuri, naapa ilikuwa nzuri, vitu sitini na tatu na hakuna kilichojirudia, nilikuwa nikifungua ile skrini peke yangu na kuitazama tu, sibonyezi kitu, natazama, mtu mwingine anatazama picha za watoto wake… "Hapa pameandikwa tarehe kumi na tisa," anasema Jordan, "tukio lilikuwa kumi na nane au kumi na tisa?" "Kumi na tisa," anasema Bartolomayo, "endelea," ilikuwa kumi na tisa, Ijumaa, saa nne asubuhi, najua mpaka saa kwa sababu Mwalimu Matonya mwenyewe alinisimulia, alinipigia simu Jumatano iliyofuata, nilimjibu kwa heshima zote, shikamoo Mwalimu, marahaba binti yangu, hujambo, sijambo, za Dodoma, nzuri, na nilimsikiliza mpaka mwisho, sikumkatisha, kama kuna mtu anasema sikumpa heshima mzee wa watu ni mwongo.

Alisema hakutaka kukosea, ndivyo alivyoanza, "Binti yangu, mimi si mtaalamu, kwa hiyo sikutaka kukosea," akainakili ile mistari saba kwenye daftari kwa mkono, kwa wino wa bluu, akapiga rula, akaweka safu ya namba, safu ya jambo, safu ya vema, alinitumia picha yake kwa simu na mwandiko ule, jamani, mwandiko wa walimu wa zamani, herufi zimesimama wima, akamwita mwalimu mkuu mpya, akamwita mwalimu Yudith wa kitengo cha watoto wasioona vizuri, akamwita mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Damas, wakakaa kwenye mabenchi mbele ya kompyuta, yeye akasoma kwa sauti, mstari wa kwanza, badilisha neno la siri, akabadilisha, mzee Damas akaitika, "Limekabidhiwa," akaweka vema, mstari wa pili, jina la ofisi, limekabidhiwa, saa na tarehe, printa, mtandao, ruhusa, limekabidhiwa, limekabidhiwa, na alipofika wa saba akasoma kwa sauti ileile, Ondoa mtumiaji anayehama, na mtumiaji anayehama ndiye yeye, na kompyuta ikamwuliza, Una uhakika, nani siku ya kukabidhi ofisi mbele ya mashahidi watatu atasema hana uhakika, akabonyeza ndiyo, mzee Damas akasema limekabidhiwa, wakapiga makofi, wakaenda kunywa chai na viazi… na walipopiga makofi kumbukumbu za watoto thelathini na mmoja wa uoni hafifu zilikuwa zimeshakwenda, miaka sita ya kazi ya Yudith na Mwalimu Matonya, mtoto huyu jicho la kulia halioni kabisa, huyu andika herufi kubwa kiasi hiki, huyu jua likiingia dirishani hasomi, hana shida ya akili, msogeze, hakuna nakala, mtandao huko unakuja na kuondoka, Anitha alihangaika nazo siku tatu, vilivyopatikana ni vipandevipande, majina bila macho, na yule binti wa darasa la tatu ambaye mwalimu mgeni alimweka benchi la nyuma kwa sababu ni mrefu, akakaa huko wiki mbili hajui kilichoandikwa ubaoni na hakusema, watoto hawasemi, na mtu aliyesoma mistari yangu kama ilivyopangwa, kuanzia juu kwenda chini, kama fomu ya makabidhiano inavyosomwa, leo anaitwa mzembe.

Uzembe ni nini sasa, mzembe hapigi rula… lakini ngoja, ngoja kwanza, nikisema nini kitatokea, niwaze kama mtu mzima, Jumatatu mpangilio unatoka shule chache za majaribio unakwenda shule zote tulizopewa, Bahi, Kongwa, Chamwino, kote, na Bartolomayo anasubiri sababu moja tu, moja, aseme si niliwaambia, aurudishe ule wa Kiingereza, irudi Paneli ya Udhibiti, na walimu mia tatu wapotee tena kwenye vitu sitini na tatu, kwa ajili ya kosa moja, la siku moja, na mimi niitwe ofisini nipewe barua yangu, na kazi yote iitwe majaribio ya Mwajabu, je, hiyo ni haki, mpangilio ni mzuri, walimu wa Mvumi walituandikia wakashukuru, mmoja alisema kwa mara ya kwanza kompyuta inaongea naye… kwa hiyo ninyamaze kwa faida ya wengi, ndiyo, hivyo ndivyo nilivyojiambia siku tisa hizi, faida ya wengi, nimejiambia nikipiga mswaki, nimejiambia nikikaanga vitumbua, na wengi hao sijui sura zao, ninayemjua ni mmoja, najua sauti yake… na kama ni faida ya wengi kwa nini niliogopa Anitha aliponifuata kwenye chai Alhamisi, kikombe mkononi, "Dada, nimeona ule mstari wa saba umebadilika," nikasema nimerekebisha kidogo, lugha tu, akasema, "Aa, sawa dada," hakuuliza tena, mwenzangu, anajua, kwenye mfumo kila badiliko linabaki na jina la mtu na tarehe, jina langu, Jumatano, saa kumi na moja jioni, anajua na atasaini baada ya Jordan kwa sababu mimi ni dada yake na alifundishwa kwao kwamba mkubwa hafedheheshwi mbele za watu, na mimi nilishamfedhehesha yeye kwa chumvi.

"Hili neno kujiridhisha," anasema Jordan, hajainua kichwa, "tumejiridhisha vipi, maana wakituuliza…" "Mwajabu aliongea na mwalimu mwenyewe kwa simu," anasema Bartolomayo, "na mwalimu alikiri, si ndiyo Mwajabu?" na mimi natikisa kichwa, kichwa changu kinajitikisa chenyewe, ndiyo, alikiri, ni kweli, alikiri… hebu basi uyaseme yote, wewe Mwajabu, humu kichwani hakuna mtu mwingine, sema alivyokiri. Alimaliza kusimulia, akauliza, "Sasa binti yangu, nilikosea wapi?" wala hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujifunza, na mimi ningeweza kusema hukukosea, neno moja, ilikuwa kwenye ulimi, lakini nikasema, Mwalimu, ulibonyeza ndiyo, akasema, "Nilibonyeza, kweli, maana mstari ulisema," nikasema, ule wa saba haukuwa wa lazima, Mwalimu, ulikuwa wa hiari tu, akasema, "Pameandikwa hivyo? Maana nilisoma mara mbili na wakati wa kunakili nikasoma tena, sikuona," nikasema, ipo Mwalimu, imeandikwa chini kwa herufi ndogo… haikuwepo. Haikuwepo popote. Nilikata simu, nikafungua mfumo na chini ya mstari wa saba nikaandika, si lazima, nakili faili zako kwanza, kwa herufi ndogo, ili niwe sijadanganya, ili atakayekwenda kutazama aikute, nikahifadhi, nikaenda nyumbani nikapika wali, nikala nikashiba.

Ndiyo, nilikula nikashiba, na alichosema kabla sijakata simu nimekuwa nikikizunguka siku zote tisa kama anayepita mbali na nyumba ya mdai, nikaweka mbele yake barua, Bartolomayo, Jumatatu, walimu mia tatu, chochote, ili nisikisikie, na sasa nakisikia, nilisikia kuku wake kwa nyuma na mtu anatwanga, kisha akasema taratibu kabisa, "Basi nimezeeka, binti yangu. Maana nilisoma na sikuona. Nilimwambia mama watoto kuna kitu kinaanza kuniacha, akasema hapana, lakini kumbe," akaguna, akaniomba msamaha, mimi, aliniomba mimi msamaha kwa usumbufu, akasema atawaandikia wilayani mwenyewe kwamba kama kichwa kimeanza kumwacha si vizuri kukaa na shule ya watoto wa watu… na ndiyo maana barua hii haitabishiwa, hapo ndipo penye ubaya wake, wataipeleka kwake ataisoma na ataikubali, ataisoma mara mbili kwanza kwa kuwa sasa haamini macho yake, halafu ataikubali, nilidhani wao wanamchukulia cheo na mimi nimenyamaza tu, kumbe cheo ni kidogo, cheo mtu anaweza kunyang'anywa akarudi kulima mtama wake na akili yake timamu, mimi nimemchukulia kile anachotumia kujua kwamba jambo aliloliona ameliona, kule Mpwapwa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anamwuliza mkewe nimefunga mlango au sijafunga, anasoma daftari la mtoto na kurudia, anajichunga, anajihurumia, na kila siku ninayokaa kimya anazeeka kwa mkono wangu… Makabidhiano wayafute, wakitaka, waite watakavyo, warudishe Kiingereza, warudishe Kilatini, itaniuma, itaniuma sana wala sitajifanya haitaniuma, nitalia kwenye mto, lakini hayo ni majina ya vitu kwenye skrini, yakipotea yatapangwa tena na mtu mwingine, pengine na Anitha, na atapanga vizuri kuliko mimi kwa sababu anaogopa… na Jordan hajamaliza, Mungu ambariki kwa ukawiaji wake wa kusoma, kidole kiko palepale kwenye aya ya pili, Bartolomayo anatazama saa, Anitha ameacha glasi, feni inazunguka, mimi bado sijasema, ila maneno nimeshayapata, ninayapanga, haya nayo nayapanga, ni machache, kwanza nitawaambia hawa hapa, kisha nitatoka nje kwenye ngazi nimpigie, nitaanza na shikamoo, na akiitika marahaba binti yangu nitasema kabla sijaogopa tena, Mwalimu, ulisoma sawasawa, pale chini hapakuwa na kitu.